Kuchora Kibanda cha Kitalu Penye Mteremko: Mada kwa Walimu wa Wanaoanza Kuchora



Nimeagizwa nieleze namna ya kumfundisha mwanafunzi anayeanza kuchora kibanda chepesi cha bustani, nami nimechagua kibanda cha kivuli cha kitalu cha miche: nguzo nne, boriti mbili, fito na nyasi. Nguzo husimama wima, boriti hulala sawa, na upeo wa macho ni mstari ulio kimo kimoja na macho ya mtazamaji. Haya mwayajua.

Taabu yetu, niliyoshindana nayo miaka mingi, ni mteremko. Vitabu tulivyonavyo huonyesha kibanda juu ya ardhi tambarare, ilhali mtoto wa Kainam, huko Mbulu, akitoka nje na karatasi yake, hukikuta kibanda ubavuni mwa kilima, akazichora nguzo zikisimama pembemraba juu ya mteremko, hata zikawa zote zimelala upande mmoja kama zitakazoanguka. Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliieleza tabia hii katika kitabu chao cha mwaka 1948, waliposimulia habari za watoto wachorao miti ikichomoza hivyo hivyo ubavuni mwa mlima. Basi hapana sababu ya kumkemea mtoto wetu kana kwamba taksiri ni yake peke yake. Yeye huipima nguzo kwa ardhi iliyo miguuni pake, na hajaonyeshwa kipimo kingine. Tena nasikitika kila nionapo akipewa rula iwe ndiyo dawa, maana rula hunyoosha mstari bila ya kumwambia mchoraji uelekee wapi. Fundi wa nyumba alikwishapata jawabu zamani, nalo ni timazi, yaani uzi uning'iniao wima kwa uzito uliofungwa mwishoni.

Huko Katesh, wilayani Hanang, taabu huja kwa mlango mwingine. Mwanafunzi huutazama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, akadhani kwamba kilele ndicho upeo wa macho, akazipandisha boriti zote kukielekea, ilhali boriti zilizo juu ya macho yake, kadiri ziendavyo mbali, hapana budi zionekane zikishuka.

Fauka ya hayo, kanuni tunayokaririsha, kwamba mistari yote iendayo mbali hukutana penye upeo, si kamili. Leon Battista Alberti, aliyeandika juu ya uchoraji mwaka 1435, aliieleza kwa sakafu tambarare ya miraba, si kwa ardhi ya mteremko. Mtu asimamaye chini ya mteremko akatazama juu, mistari ya ardhi humkutania mahali palipo juu ya upeo, na mistari ya boriti humkutania penye upeo wenyewe, wima chini ya mahali pale. Mtoto aliyekaririshwa kanuni nusu huyakana macho yake ili aitii.

Napendekeza basi, kwa heshima na bila ya kuingilia madaraka ya wanaotunga mihtasari, kwamba kila mwanafunzi awe na timazi yake ya uzi na jiwe, aishike mbele ya jicho kabla ya kuchora nguzo yoyote. Chupa yenye maji nusu na imtoshe kwa pima maji, imwonyeshe boriti ilalavyo sawa. Nguzo zitangulie, boriti zifuate, na mstari wa ardhi uchorwe mwisho kabisa, ukizikata nguzo kwa urefu mbalimbali, maana nguzo za upande wa chini ni ndefu zaidi. Upeo uwekwe kwa kimo cha macho, kamwe usiwekwe kileleni. Mwalimu asichore kibanda ubaoni kikanakiliwa, bali atoke na darasa hadi kitaluni. Kitabu kitakachopigwa chapa baadaye kiwe na picha ya kibanda penye mteremko, hata ikiwa ni moja tu. Wanaosahihisha mitihani wasimpunguzie alama mtoto aliyechora nguzo zenye urefu usiolingana, ikiwa zimesimama wima. Na kwa kuwa najua fedha za vifaa ni chache, narudia: uzi na jiwe havihitaji kuombewa kibali, na vyaweza kuanza kutumika Jumatatu.