Kabla Faili Halijafika Kitengoni: Mhadhiri na Mwanafunzi Mwenye Ulemavu



Ikitajwa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu vyuoni, wengi wetu hukimbilia njia za mteremko na lifti. Hilo ni deni kweli, na ngazi za majengo yetu zinalidai kila siku. Leo lakini nazungumzia kitu kisichohitaji saruji: maandishi tunayowapa wasome.

Mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, anaziunganisha kuwa PDF, anazituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa usiku wa kuamkia kipindi. Wanaoona wanasoma. Asiyeona anafungua faili kwa kisoma skrini, mathalani NVDA, programu isiyolipiwa hata senti, nayo inakaa kimya: kwake ile ni picha tupu, haina herufi. Maandishi hayohayo yangechapwa kwenye Word, yangesomeka.

Utasikia kwamba hiyo ni kazi ya kitengo cha mahitaji maalumu. Kitengo hakiwezi kuchapa kisicholetewa. Tena ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili au zaidi za nukta nundu. Yakiwemo majedwali na fomula, siku zinayoyoma. Basi mzigo unamwangukia rafiki wa bwenini anayesoma kwa sauti. Siubezi wema huo, ila rafiki naye ana mitihani, na majuma ya mitihani ndiyo hasa msomaji anapotafutwa.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama akikutana na istilahi ngeni papo kwa papo huitaja kwa vidole, herufi moja moja, mhadhiri akiwa keshahamia slaidi nyingine. Mkalimani angepewa slaidi mapema, angejiandaa. Na kipindi cha saa mbili kinataka wakalimani wawili wapokezane.

Sheria nazo zipo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 24 ya Mkataba inaitaja elimu ya juu waziwazi. Hatuna upungufu wa karatasi.

Kwenye mitihani, nyongeza ya muda tumeizoea. Tusilolisema ni kwamba majibu ya nukta nundu husubiri mtu wa kuyageuza kuwa maandishi ya kawaida ndipo yasahihishwe. Matokeo yakichelewa, jina linalobaki na pengo ni la mwanafunzi, ingawa aliyechelewa ni chuo.

Napendekeza orodha ya usomaji, pamoja na nakala zinazosomeka, ifike kitengoni wiki sita kabla ya muhula, iwe sharti kama ilivyo rasimu ya mtihani. Wasomaji walipwe posho. Fomu ya kuthibitisha kwamba nakala zimefika isainiwe na mkuu wa idara au na ndaki? Mimi naegemea idara, maana ndiyo inayomjua mhadhiri mzembe kwa jina. Ningependa kusikia wakuu wa idara waliomo humu wanasemaje.