Mwenda Tezi na Omo: Uzee Wetu Tuupeleke Mji Gani?

Mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani, katika ukumbi wa jumuiya, Vårby gård



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, ndugu zetu wa imani na vijana wetu: leo tumechagua kulizungumza jambo ambalo husemwa sana baada ya futari, vikombe vya kahawa vikiwa mkononi, lakini husemwa nusu nusu. Nalo ni hili: tukisha kustaafu, uzee wetu tutaupeleka wapi?

Wengi wetu tulioketi safu za mbele tumeishi katika mji huu mkubwa miaka thelathini na zaidi. Tumepanda treni ya alfajiri hapa Vårby gård, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1972, tukaenda kuosha sakafu, kuendesha mabasi, kuwauguza wazee wa watu. Tumefunga Ramadhani za Juni, mwaka 2015 na 2016, jua likizama saa nne za usiku na daku likitukuta hata hatujamaliza kuteremsha futari. Katika taabu hiyo kila mmoja alijiwekea mji moyoni. Huyu aliiweka Unguja, yule Mombasa, mwingine Moroni. Sisi tunaozungumza nanyi tuliiweka Lamu.

Hatukuichagua Lamu kwa sababu ya bahari peke yake. Lamu ni mji mdogo wa elimu. Vichochoro vyake havina nafasi ya gari; mzee hutembea taratibu, na adhana humjia kutoka pande zote. Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia huko kijana kutoka visiwa vya Ngazija, Habib Saleh, akawasomesha watoto wa watu wanyonge ambao hakuna aliyejishughulisha na kusoma kwao. Katika darasa lile ukatoka Msikiti wa Riyadha na chuo chake, wakaja wanafunzi kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, hata mji wenyewe ukawa unatajwa pamoja na chuo. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya majumba yake na utamaduni wake. Lakini sisi tuliutamani kwa ajili ya mikeka ya darasa. Tulijiambia: tumeuza nguvu zetu kwa watu miaka yote hii, iliyobaki tutamrejeshea Mola wetu, tukae miguuni mwa masheikh, tusome yale yaliyotupita.

Nia hii ni njema, wala hatuji hapa kuikanusha. Imam al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, mji uliokuwa mkubwa kuliko miji yote ya Waislamu wa Mashariki. Alikuwa na wanafunzi mia tatu, na jina lake lilijulikana kila pembe. Mwaka 1095 ulimi wake ukawa mzito, akashindwa kusomesha. Ametueleza mwenyewe kwamba alipoichunguza nia yake aliona anafundisha kwa kutafuta cheo na sifa. Akaiacha Baghdad, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka. Mwisho wake akarudi Tus, mji wake wa kuzaliwa, mdogo ukilinganishwa na Baghdad, akajenga madrasa karibu na nyumba yake, akawa anasomesha wachache. Huko ndiko alikofariki mwaka 1111.

Ndugu zetu, yako mambo matatu katika kisa hiki ambayo sisi tulioitamani Lamu tulikuwa tukiyaruka.

La kwanza: alipoondoka Baghdad alikuwa hajatimiza miaka 40. Hakungoja pensheni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuusia tuitumie afya kabla ya ugonjwa na faragha kabla ya shughuli. Mtu ambaye hapa Vårby gård hakufungua msahafu, akasema ataufungua atakapofika Lamu, ameiwekea tauba yake tarehe, na tarehe haimo mikononi mwake. Mji hausomi kwa niaba ya mtu. Anayelala wakati wa darasa hapa atalala wakati wa darasa kule, tena usingizi mzuri zaidi, kwa kuwa kuna upepo wa bahari.

La pili: kabla ya kuondoka aliigawa mali yake, lakini alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Hakuiita tawakkul hali ya kuwaacha wategemezi bila chakula. Basi nasi tusione haya kuzungumza hesabu msikitini. Pensheni ya Sweden inayotokana na mshahara tuliouchumia humfuata mwenye nayo popote aishipo duniani. Lakini pensheni ya dhamana, ile wanayopewa waliochuma kidogo, hufungamana na ukaazi. Huhesabiwa kwa miaka ya kuishi hapa, na anayetaka kuipata kamili yampasa awe na miaka 40. Wengi wetu tulikuja tukiwa watu wazima, na mama zetu wengi walilea watoto nyumbani. Hao ndio wanaoitegemea, na hao ndio wanaoweza kuikosa wakihamia Afrika. Anayeondoka kwa mwaka mmoja au zaidi hutakiwa kuiarifu idara ya kodi, naye huondolewa katika daftari la wakazi, na haki nyingi za mkazi, zikiwemo za matibabu, zimo katika daftari hilo. Kisha kila mwaka hutakiwa kupeleka hati ya kuthibitisha kwamba bado yu hai. Tulipoisikia hati hiyo mara ya kwanza tulicheka. Baadaye tukajiuliza: ikiwa ofisi inatutaka tuthibitishe uhai wetu kila mwaka, mbona sisi wenyewe hatujihesabu?

La tatu ndilo zito kwetu, nasi tunalisimulia kwa sababu kosa likifichwa halimfundishi mtu. Al-Ghazali ametaja kwamba kilichomvuta kurudi nyumbani ni wito wa watoto wake. Alikuwa katika ibada, katika miji mitukufu, na sauti ya watoto ikamrudisha. Hakusema kwamba wito huo ulikuwa wa shetani.

Sisi tulikuwa tumekwisha kupanga. Tulikuwa tumepeleka fedha za kutengeneza nyumba Lamu, tumechagua hata baraza tutakayokaa jioni. Usiku mmoja baada ya tarawehe tukamweleza mama wa watoto wetu tarehe ya safari kama mtu anayesoma tangazo. Akanyamaza mpaka alipomaliza kukunja msala. Kisha akasema, “Baba watoto, wewe umepata mji wa kuzeekea. Na mimi, nitazeekea wapi?” Ana maradhi ya sukari, na miguu yake hutazamwa kila baada ya miezi michache katika kliniki. Ana wajukuu wanne katika vituo viwili vya treni, na yeye ndiye anayewafundisha Alhamdu na Kiswahili. Mambo yote haya tulikuwa tunayajua. Hatukuwa tumemuuliza.

Wallahi, miaka yote tuliyoota mikeka ya Riyadha, mwenye darasa alikuwa jikoni mwetu, na wanafunzi wake walikuwa wakipita mbele yetu tukiwaambia wapunguze kelele.

Waswahili husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulikuwa tukiitumia methali hii kuwaambia watoto kwamba siku moja lazima turudi kwetu. Sasa twaiona na maana nyingine. Ngama ya mtu ni pale zilipo amana zake: wazazi wake wakiwa hai, mwenzi wake, deni lake, mtoto anayengoja kusomeshwa. Aliye na mama mzee Mombasa asiye na wa kumshika mkono, ngama yake iko Mombasa, na asijifiche nyuma ya kliniki za Stockholm. Aliye na amana zake hapa asijifiche nyuma ya ibada za Lamu. Fatwa moja haiwatoshi watu wote.

Basi tunausia mambo machache. Anayetaka kuhama aanze kwa shura ndani ya nyumba yake, kisha istikhara. Asiifanye istikhara kuwa njia ya kuikwepa shura. Aulize pensheni yake mapema kwa Mamlaka ya Pensheni, kwa maandishi, asitegemee habari za barazani. Aandike wasia, alipe madeni. Akifika huko, aende kama mwanafunzi. Asiende kama bwana mkubwa kutoka Ulaya anayewafundisha wenyeji namna ya kupanga mji wao. Mji wa elimu humpokea vizuri anayevua viatu mlangoni.

Na wewe utakayebaki, usibaki kama abiria aliyekosa chombo. Lamu ilikuwa mji tu kabla mtu mmoja hajaketi na watoto wasiotakiwa na mtu. Hapa Vårby gård kuna watoto, kuna ukumbi, kuna wastaafu wenye faragha tangu asubuhi hadi jioni. Kilichokosekana ni mkeka na mtu wa kuketi juu yake.

Ama sisi, baraza ya Lamu ingalipo. Tumekubaliana nyumbani kwamba tutakwenda miezi mitatu kila msimu wa baridi, sote wawili, na dawa zake, na tarehe ameipanga yeye. Miezi tisa iliyobaki, kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, tutasaidia darasa la watoto katika ukumbi huu. Mwalimu ni yeye. Sisi tutakuwa tukiita majina.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu wazee wetu waliozikwa katika nchi hii na waliozikwa kwetu, na aufanye mwisho wa umri wetu kuwa ndio bora yake, popote atakapotuandikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.