Kuliona Joto Ndani ya Mwili



Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba kwa watu ambao mikono yao hutetemeka na dawa zimeshindwa kuwasaidia. Sehemu ndogo ya thalamasi, ndani kabisa ya ubongo, huunguzwa bila fuvu kutobolewa. Mawimbi ya altrasaundi kutoka vyanzo 1,024 vilivyopangwa ndani ya kofia hukutana mahali pamoja na kupapasha joto, mgonjwa akiwa macho. Daktari anajuaje joto la mahali hapo, ilhali hakuna kipimajoto kilichoingizwa?

Jibu limo kwenye maji. Tiba hii hufanyika mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za mwili kwa sumaku. MRI husikiliza protoni za haidrojeni, na nyingi ya hizo zimo katika maji ya mwili. Molekuli za maji hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Joto likipanda, vifungo hulegea, elektroni huikinga protoni zaidi dhidi ya sumaku, na masafa yake hushuka. J. C. Hindman alichapisha vipimo vya badiliko hilo mwaka 1966, kabla ya kuwapo mashine yoyote ya MRI. Ni badiliko dogo mno: takriban sehemu 1 katika milioni 100 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Katika mashine ya tesla 3, protoni huzunguka karibu mara milioni 128 kwa sekunde. Tofauti ni hezi 1.3 tu.

Mwaka 1995 Y. Ishihara na wenzake wa Japani walionyesha namna ya kuligeuza badiliko hilo kuwa ramani ya joto. Kinachosomwa ni fezi, yaani protoni imefika wapi katika mzunguko wake ishara inaponaswa. Wakimbiaji wawili waliozidiana mbio kidogo sana huonekana sawa mwanzoni. Waache waendelee, pengo litajitokeza. Baada ya milisekunde 10, nyuzijoto 1 imeshazaa pengo la digrii 4.6 hivi za duara, na hilo linapimika.

Hapa naomba umakini wenu. Ramani hii hutoa badiliko la joto peke yake. Picha ya awali hupigwa kabla ya kupasha, kisha kila picha inayofuata hulinganishwa nayo. Mgonjwa akisogea, au ini likipanda na kushuka kwa pumzi, ulinganisho huo huzaa joto la uongo. Protoni za mafuta nazo hazina vifungo hivyo, kwa hiyo fezi yake haisemi lolote la kuaminika. Ndiyo maana titi hutusumbua kuliko ubongo, wenye maji mengi na unaoweza kutulizwa kwa kukifunga kichwa kwenye fremu.

Ramani ikiaminika, daktari hupata nafasi ya kujaribu kabla ya kuharibu. Hupasha kwanza hadi nyuzijoto arobaini na kitu kwa muda mfupi, athari yake ikiwa ya kupita. Hutazama kama joto limekaa palipokusudiwa, humwomba mgonjwa achore mstari wa kuzunguka kama konokono, na humuuliza kama anahisi ganzi. Mkono ukitulia bila madhara mengine, ndipo joto hupandishwa hadi 55 au 60, na tishu hufa. Bila ramani hiyo, mimi ningeiita tiba hii kamari.

Wanafunzi wangu wa fizikia, hospitali zetu kubwa zina mashine za MRI. Kila zinapopiga picha hupokea fezi, na katika kazi nyingi za kawaida fezi hiyo haihifadhiwi. Naiomba idara yetu ikae na hospitali hizo, iombe saa ambazo mashine haina wagonjwa. Jeli ya agari iliyopashwa joto ndani ya chupa, pamoja na kipimajoto cha faiba kisicho na chuma, vinamtosha mwanafunzi wa uzamili kuanza utafiti huu.