Sumaku kwenye bomba la umwagiliaji
Mwaka 2009, Maheshwari na Grewal wa Chuo Kikuu cha Western Sydney, Australia, walichapisha matokeo ya kumwagilia mboga kwa maji yaliyopitishwa kwenye sumaku. Seleri iliyopewa maji yenye chumvi gramu 3 kwa lita iliongeza mavuno kwa asilimia 23. Inavutia, nakiri. Lakini njegere za kawaida hazikupata faida, na yote yalifanyika ndani ya kitalu nyumba, si shamba la wazi. Tena sumaku haiondoi chumvi. Ile ile inashuka hadi mizizini. Ndugu mkulima, kabla hujatoa fedha zako, pima maji na udongo, chimba mtaro wa kutoa chumvi, kisha ijaribu sumaku kwenye tuta moja tu, la pembeni yake uliache bila sumaku.