Kupima Nguvu za Mwili Baada ya Miaka Arobaini

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, Kidato cha Nne 1997, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya "michezo na afya ya mtumishi". Niliomba ruhusa nipunguze mada hiyo, kwa sababu juu ya afya ya watumishi hotuba zimekwisha kutolewa nyingi, na watumishi bado tunanenepa. Nitazungumza juu ya jambo moja dogo. Mtu aliyepita miaka arobaini, anayekimbia na kuendesha baiskeli, atajuaje kama anakwenda mbele, amesimama, au anarudi nyuma?

Kwa kijana anayeshindana, swali hili halina taabu. Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, ikabidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iwatenganishe. Ile ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Kipimo cha Simbu kilikuwa mstari ule na mtu aliye pembeni yake. Mimi, mtumishi wa serikali mwenye miaka 46, pembeni yangu hapo Tunduma hakuna mshindani. Kuna foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, na madereva wanaoniuliza, "Mzee, gari limeharibika?"

Mchezo wenyewe ninaoufuata ni triathloni. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10, vyote kwa mfululizo. Hapa kwetu sehemu ya kuogelea ina shida yake. Ziwa Rukwa lina mamba, nami nina watoto wanaosoma. Kwa hiyo naogelea nikiwa likizo Matema, katika Ziwa Nyasa, na mwaka wote uliobaki ni baiskeli na miguu. Hayo mawili ndiyo nitakayoyasema.

Sikuingia katika mambo haya kwa kutafuta medali. Mwaka 2021 nilipimwa shinikizo la damu likaonekana 152 juu ya 96. Ndugu zangu wa mwaka 1997 wanajua kwamba tumekwisha kuzika wenzetu, na wawili kati yao waliondoka kwa kiharusi kabla ya kutimiza miaka 45. Daktari aliniandikia dawa, akaniagiza nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: kwamba kila nitakapomrudia nimletee maandishi, kwani maneno anayasikia kila siku. Ndipo nikanunua daftari, hili hapa, la kurasa 96 kama yale tuliyoandikia historia.

Vijana msidhani daftari ni jambo la kizee. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 akiwa na umri wa miaka 37, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake ya kila siku kwa mkono wake, na amefanya hivyo kwa miaka mingi.

Sasa, kitu gani kiandikwe? Wengi huandika muda tu. Fulani anasema, "Juzi nilikimbia kilomita tano kwa dakika 30, leo 29, basi nimeendelea." Huenda. Huenda pia juzi kulikuwa na tope, au leo amejikamua mpaka akatapika. Mwenye lori hapo Tunduma haridhiki kusikia kwamba gari lake limewahi kufika Lusaka. Anauliza limekunywa lita ngapi. Mwili nao una lita zake, nazo ni mapigo ya moyo. Muda unaeleza kazi iliyofanyika, mapigo yanaeleza gharama yake, na moyo uliopata mazoezi hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi kuliko zamani.

Basi kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata viatu. Asubuhi, kabla sijatoka kitandani, naweka vidole viwili shingoni, nahesabu mapigo kwa sekunde 30, nazidisha mara mbili. Januari 2022 daftari linasema 78. Mwaka huu linasema 58. Hesabu hii ina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Mwaka jana niliporudi kutoka safari ya kikazi Kamsamba, kule chini bondeni kwenye joto, asubuhi ya nne mapigo yalikuwa 71, nami nilijiona mzima kabisa. Kesho yake 74. Nilikwenda zahanati, wakakuta malaria, na homa yenyewe ikaja jioni ile nikiwa nimekwisha kumeza dawa. Tangu hapo, mapigo yakipanda zaidi ya saba au manane juu ya kawaida yangu, siku hiyo sifanyi mazoezi, hata kama miguu inataka.

Kipimo cha pili ni cha kukimbia, nacho ndicho ninachokitegemea zaidi. Nina njia yangu ya vumbi ya kilomita 5, naikimbia mara moja kwa mwezi kwa mapigo 140 kwa dakika, bila kuzidi. Mapigo yakipanda napunguza mwendo, hata ikibidi kutembea mlimani huku watoto wa shule ya msingi wananipita wakicheka. Mwishoni naandika muda. Machi 2022 ulikuwa dakika 38. Septemba 2023, dakika 32 na nusu. Mwezi uliopita, dakika 29 na nusu. Moyo ni ule ule, mapigo ni yale yale 140, njia ni ile ile. Lililobadilika ni umbali ambao kila pigo linanipeleka.

Mtaniuliza kwa nini 140. Kuna hesabu ya zamani inayotoa umri katika 220 ili kupata kilele cha mapigo. Kwangu inaleta 174. Nyingine iliyotolewa mwaka 2001 inasema chukua 208, toa asilimia 70 ya umri. Kwangu inaleta karibu 176. Kwa umri wangu tofauti ni ndogo, lakini kwa mzee wa miaka 70 ya kwanza inampa 150 na ya pili 159. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuachana nazo kwa mapigo kumi au zaidi. Hiyo 140 ni karibu asilimia 80 ya kilele changu: mwendo ambao naweza kusema sentensi fupi, siwezi kuhutubia kama hivi. Ukichagua 130 au 145 hakuna ubaya, mradi usiibadilishe kila mwezi.

Njia nayo isibadilike, wala isipimwe kwa kukisia. Yangu niliipima kwa gurudumu la baiskeli. Unatia alama ya chaki kwenye tairi, unaikalia baiskeli ili tairi libonyee kama linavyobonyea safarini, unakwenda mzunguko mmoja, kisha unapima kwa futi ya fundi seremala kutoka alama hadi alama. Langu lilileta sentimita 207. Ukiingiza tarakimu hiyo katika kile kihesabio kidogo cha kwenye usukani, kinakupa umbali wa kuaminika kuliko simu nyingi zinazotegemea setilaiti. Saa za mkononi zinazosoma mapigo kwa mwanga nazo ni nzuri ukiwa umetulia, lakini baiskeli ikitikisika kwenye mawe husoma ovyo. Mkanda wa kifuani ni bora, na kwa asiye nao vidole vya shingoni vipo, havichajiwi.

Kwa baiskeli natumia barabara ya lami ya Mpemba hadi Isongole, ile inayoelekea Ileje. Barabara kuu ya TANZAM siishauri kwa mtu mwenye familia. Malori yake hayana nafasi ya baiskeli. Naanzia Mpemba, nakwenda kilomita 20, nageuka. Kwa kuwa narudi nilikotoka, nilichopanda nakishuka, na upepo ulionisukuma unanizuia. Juni 2022 nilitumia saa 2 na dakika 4. Juni 2025, saa 1 na dakika 41. Nalinganisha Juni na Juni, kwani Januari ni mvua na upepo ni mwingine. Vilevile sijaribu kulinganisha mapigo ya baiskeli na ya kukimbia. Kwenye baiskeli umekaa, uzito umebebwa na chuma, na kwa jitihada ile ile mapigo huwa chini. Kwangu ni kama saba. Wala silinganishi Tunduma na Dar es Salaam. Huku tuko juu ya mita 1,500, na kila pumzi ina oksijeni pungufu ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15. Kule pwani hewa ni nzito lakini joto linapandisha mapigo. Nilipokuwa semina Dar niliandika ukurasa wa peke yake, nikaufunga.

Kuna jambo la umri ambalo vijana mnaweza kuliruka, lakini wenzangu nawaomba walisikilize. Moyo na mapafu huitikia mazoezi baada ya wiki chache. Kano hazina haraka hiyo. Huchukua miezi, na baada ya arobaini huchukua zaidi. Kwa hiyo mtu anajikuta ana pumzi ya kwenda kilomita 15 na kisigino cha kwenda 6, naye husikiliza pumzi. Ndiyo maana baiskeli nimeipa siku tatu kwa wiki na kukimbia siku mbili. Baiskeli inalisha moyo bila kugonga magoti. Siku moja kila baada ya wiki mbili naviunganisha: baiskeli kilomita 20, kisha papo hapo kukimbia 3. Miguu huwa kama magogo. Mwanzoni kilomita 3 hizo zilikuwa nyuma kwa karibu dakika tatu kuliko nikizikimbia bila baiskeli. Sasa pengo ni chini ya dakika moja.

Lakini nisiwape picha ya kupanda tu. Kuanzia Aprili hadi Septemba 2024 tarakimu zangu zilikataa kusogea. Miezi sita, dakika 31 na ushei, tena 31 na ushei. Mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akikimbia nami aliacha, akasema umri umekwisha kutufikia. Hapo ndipo nilipokwenda kusoma wataalamu wanasemaje. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu mzima asiyefanya mazoezi, na kwa anayeendelea kujizoeza kwa bidii hupungua kwa kiasi cha nusu ya hapo. Fikirini maana yake. Kama barabara yenyewe inarudi nyuma, basi aliyesimama pale pale anatembea. Mtu ambaye daftari lake likionyesha akiwa na miaka 50 tarakimu ile ile ya miaka 46, huyo ameshinda, ingawa hakuna atakayempigia makofi. Mwenzangu aliisoma 31 na ushei kama kushindwa. Mimi niliisoma kama mshahara usiokatwa.

Na ngazi yenyewe ni ndefu kuliko tunavyofikiri. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishika nafasi ya pili London mwaka 2024 kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15, akiwa na miaka 41. Ed Whitlock, mzee wa Kanada, alikimbia marathoni Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Alikuwa na miaka 73.

Shinikizo langu sasa husoma 128 juu ya 82. Bado nameza kidonge kimoja. Vilikuwa viwili, na aliyepunguza ni daktari baada ya kulisoma daftari. Nasema hivi kwa makusudi, maana nimesikia watu wakiacha dawa kwa kuwa wameanza mchakamchaka. Jambo moja zaidi lililomvutia daktari ni safu ya mwisho ya kila ukurasa: mapigo yanashuka kiasi gani katika dakika ya kwanza baada ya kumaliza. Mwaka 2022 yalishuka 18. Siku hizi 36. Anayeona yanashuka chini ya 12 akamwone mganga, asijiongezee mazoezi.

Ndugu Mwenyekiti, kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mechi ya mpira, Mkuu wa Shule ametuazima uwanja. Tutafanya kipimo alichokitoa Dakta Kenneth Cooper wa Marekani mwaka 1968: kukimbia au kutembea dakika 12, kisha kuandika mita ulizokwenda. Kila mzunguko ni mita 400. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu watatuhesabia mizunguko, kila mmoja na mzee wake. Wenye shinikizo au maumivu ya kifua watatembea, au wahesabu na vijana. Karatasi zitakusanywa na katibu wa chama na kuwekwa ofisini kwake hadi mkutano wa mwakani, ambapo kila mtu atarudishiwa yake kabla ya kukimbia tena. Tafadhali njooni na kalamu, na jina liandikwe kwa kusomeka.