Mwamba Hauji Mkutanoni



Kila kazi ina kikao chake. Mahakimu hukaa mahakamani, waganga hukutana kando ya kitanda cha mgonjwa, na wakulima hushauriana shambani. Wanajiolojia nao hukutana ukumbini kama watu wengine, wakasomeana makala na kuonyeshana ramani. Lakini katika mikutano yao ya kila mwaka huwapo siku ambayo ukumbi hufungwa, viatu vizito huvaliwa, nyundo hushikwa, na wote hupanda mabasi kwenda kuukuta mwamba huko huko uliko. Jioni yake hula pamoja na kuzungumza hadi usiku.

Watu wengi, na hasa wale walioshika funguo za kasha la fedha, hudhani kwamba siku hiyo ni ya matembezi na jioni hiyo ni ya anasa. Fedha zinapopungua, safari hufutwa kwanza, na karamu hufuata. Makala husalimika. Hapana budi kueleza kwamba fikra hiyo ni ya kimakosa, na kwamba madhara yake yamekwisha kuonekana katika historia ya fani hii.

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, iitwayo New England, uko mkutano wa wanajiolojia ulioanza mwaka 1901. Mwaka huo William Morris Davis, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwaongoza wenzake na wanafunzi kwenda kutazama matuta ya mto Westfield katika jimbo la Massachusetts. Tangu hapo desturi hiyo imerithiwa kizazi hadi kizazi. Majani ya miti yanapoanza kupukutika, chuo kimoja huwa mwenyeji. Mwenyeji hutayarisha kitabu cha mwongozo kinachotaja kila kituo cha safari, umbali wake kutoka njia panda, na jambo linalostahili kutazamwa hapo. Katika mkutano huo safari ndiyo mkutano wenyewe.

Mwaka 1934 ulianza ushirika mwingine katika eneo hilo hilo, wa watu wanaochunguza enzi ambayo barafu kuu ilifunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia. Walijiita Marafiki wa Pleistosini, yaani marafiki wa enzi hiyo ya barafu. Safari yao ya kwanza ilifanyika katika jimbo la New Hampshire, na miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Richard Foster Flint wa Chuo Kikuu cha Yale. Ushirika huo haukuwa na ada wala urasimu wa vyama. Mwenye jambo jipya aliwaita wenzake, akawapeleka kwenye shimo la kokoto, akawaonyesha alichokiona, kisha akasimama kando kungojea hukumu yao. Baadaye mtindo huo ulienea hadi kwenye majimbo ya kati, milima ya Rocky na pwani ya Pasifiki.

Ni nini kinachopatikana shimoni ambacho ukumbini hakipatikani? Ukumbini msemaji ndiye mwenye enzi. Yeye huchagua picha na kuikata pale anapotaka, na wasikilizaji huona kile tu alichokusudia wakione. Shimoni mwamba hauna upande uliofichwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kupiga magoti penye tabaka la mchanga na kumwuliza profesa: mbona punje hizi zimelala kinyume na maelezo yako? Swali hilo halihitaji cheo. Profesa naye hana budi kupiga magoti vilevile, atazame, kisha ajibu.

Jioni nayo ina kazi yake. Mtu aliyebishana na mwenzake mchana kutwa humkuta usiku amekaa mkabala naye mezani, wakipokezana chumvi. Hasira hupoa, lakini hoja hubaki. Mengi ambayo mtu angeona haya kuyasema mbele ya watu mia mbili huyasema hapo: kwamba hana hakika na kipimo chake, au kwamba yuko mahali fulani jiwe ambalo halikubaliani na nadharia yake. Maungamo ya namna hiyo hayaandikwi katika makala, nayo ndiyo chanzo cha kazi ya mwaka unaofuata.

Sasa na itazamwe hasara ya kuikosa safari. Mwaka 1922 mwanajiolojia J Harlen Bretz wa Chuo Kikuu cha Chicago alianza kuchunguza nyanda za mawe meusi ya volkano mashariki ya jimbo la Washington, upande wa Pasifiki. Aliona makorongo makubwa yasiyo na mto. Aliona genge la maporomoko makavu lenye upana wa zaidi ya kilomita 5 na kimo cha mita 120 hivi, na chini yake mashimo yaliyochimbwa na maji ambayo hayapo tena. Aliona vilima vya kokoto mahali ambapo mto wa kawaida usingeweza kuvijenga. Alikata shauri kwamba nchi ile ilichongwa na gharika moja kubwa mno, katika muda mfupi sana.

Tarehe 12 Januari 1927 aliitwa kueleza jambo hilo mbele ya Chama cha Jiolojia cha mji mkuu, Washington, upande wa pili wa bara. Wakubwa wa fani walisimama mmoja baada ya mwingine kumpinga. Wengi wao hawakuwa wameitia machoni nchi ile. Walihofu kwamba kukubali gharika ni kurudi kwenye hadithi za kale, na kwa hofu hiyo waliihukumu nchi wasiyoijua. Waliuliza pia swali la haki: maji yote hayo yalitoka wapi? Bretz hakuwa na jibu la kutosheleza. Kumbe tangu mwaka 1910 mwanajiolojia mwingine, J. T. Pardee, alikuwa amekwisha andika habari za ziwa la kale katika jimbo la Montana, lililozibwa na ukuta wa barafu. Swali lilikuwa kwa mmoja na jibu kwa mwingine, na ukumbini mambo hayo mawili hayakukutana.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ni nyepesi: kila mwenye shaka na aende akajionee. Haitoshi. Flint yule yule, mwanzilishi wa safari za Marafiki, alikwenda katika nyanda zile, na mwaka 1938 aliandika kwamba kokoto zile ni kazi ya mito ya kawaida iliyofanya kazi kwa muda mrefu. Alikuwa mtaalamu hodari, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini kila aendaye huenda na nadharia yake mfukoni, na aliye peke yake hana wa kumwambia kwamba ameitoa mapema mno. Penye wengi hapaharibiki neno, maadamu wengi hao wawe pamoja, penye kitu kinachobishaniwa.

Ushahidi uliongezeka polepole. Mwaka 1940 Pardee alieleza mkutanoni mjini Seattle habari za mawimbi ya kokoto katika sakafu ya ziwa lile la kale. Mawimbi hayo yana umbo la viwimbi vya mchanga wa pwani, lakini kimo chake hufikia mita 10, dalili kwamba ziwa lilimwagika kwa kishindo. Mwaka 1952 Bretz, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alirudi uwandani na kupata ithibati zaidi. Kisha, mwaka 1965, wachunguzi wa enzi ya barafu kutoka nchi mbalimbali walifanya kongamano lao nchini Marekani, na kundi mojawapo likasafiri kuanzia mabonde ya ziwa lile hadi kwenye makorongo makavu. Walijionea kwa mfuatano: hapa maji yalikaa, hapa yalipita, hapa yalichimba. Bretz mwenyewe hakuweza kufuatana nao kwa sababu ya afya yake. Walimpelekea simu ya salamu, wakimjulisha kwamba wote sasa wanakubaliana naye. Mwaka 1979 alitunukiwa Nishani ya Penrose ya Chama cha Jiolojia cha Marekani, akiwa mzee sana. Utafiti wa baadaye ulisahihisha nadharia yake pia, kwani umeonyesha kwamba gharika zilikuwa nyingi.

Miaka 38 ilipita kati ya ukumbi ule na safari ile. Nani awezaye kusema kwamba nauli ya basi ni ghali kuliko miaka 38?

Ni kweli kwamba ziko safari zinazogeuka kuwa mandari, ambapo watu hupiga picha, hula na kurudi. Ziko pia karamu ambazo wakubwa hukaa meza yao na vijana yao. Dawa ya kasoro hizo ni kuzirekebisha. Kila safari na iwe na swali linalobishaniwa, mpinzani wa mwenyeji na apewe nafasi ya kusema pale pale kituoni, na wanafunzi wasiachwe nyuma kwa kukosa nauli. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa safari anayeonyesha shimo lake kwa watu wasiokubaliana naye ndiye apataye faida kuliko wote.

Fani hii ndiyo inayowaambia watu pa kuchimba kisima, pa kujenga bwawa na mahali panapoweza kuporomoka. Kosa lake halibaki katika makala, bali huwaangukia watu. Kwa hiyo mkutano wa wanajiolojia usiokwenda uwandani haujaokoa fedha. Umeahirisha tu siku ya kulijua kosa lake, na gharama ya siku hiyo haipungui kwa kungojewa.