Salongo tunafanya, lakini feza ya barabara iko wapi?

Ndugu na dada, vijana wenzetu,

Asanteni kwa kuamka mapema na mapanga na majembe. Mbele ya kuanza, tunaomba dakika mbili.

Hapa Beni, majani ya kando ya barabara si mambo ya uzuri wa mji tu. Kwenye njia ya Beni–Kasindi, magari na pikipiki zilikwisha kuviziwa zaidi ya mara moja. Pale matete yanapita mtu urefu, mwenye pikipiki haoni mtoto anayevuka, wala haoni mwenye silaha aliyejificha. Na mifereji ikizibwa, mvua inakata barabara, gari linapunguza mwendo palepale penye hatari.

Basi tukate, lakini na akili. Lantana, ile ya maua ya rangi rangi, ukiikata tu inachipuka tena: tuing'oe na mizizi yake. Mbuzi akiila anagonjwa. Datura, yenye matunda ya miiba, tuing'oe mbele mbegu hazijakomaa, kwani ni sumu, na watoto wanaichezea. Kisha tunawe mikono. Tusichome moto, tusinyunyize dawa karibu na mashamba na chemchemi. Kwenye mitelemko tusiache udongo uchi: majani mafupi ndiyo yanaushika.

Kule mbali, penye wauaji, si kazi ya vijana wenye mapanga. Hiyo ni kazi ya serikali na jeshi.

Sasa tuseme wazi. Sheria ya 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Feza yake inatoka kwenye mafuta na kwenye peaje. Mama mwenye kupeleka ndizi sokoni anailipa ndani ya bei ya usafiri. Sisi wote tunachanga. Kwa nini basi bado tunangojewa sisi na mapanga yetu?

Tunaomba mambo matatu: hesabu ya peaje ibandikwe mbele ya watu kila mwezi, vijana wa hapa waajiriwe kusafisha barabara, walipwe, na njia zenye hatari zifyekwe chini ya ulinzi.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi. Hatuombi zawadi.

Salongo ni mapenzi yetu kwa mji. Isiwe kifuniko cha kazi ambayo tulikwisha kuilipia.

Haya, tuanze. Kesho kutwa tutapeleka barua, wote pamoja, kwa amani.